Tathmini ya Good School Toolkit: Malezi ya Hisia Yanayoanza na Mkono wa Mwalimu

Mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati ya shule anayejiuliza kama Good School Toolkit, kifurushi cha vitabu, mabango na shughuli za kuisaidia shule kuacha ukatili dhidi ya watoto, inafaa kuingizwa shuleni kwake atapata kwangu jibu la ndiyo. Inafaa kuliko mipango mingi ya malezi ya hisia niliyoiona ikiletwa katika shule za msingi za Uganda, ila ina sharti moja: walimu wakubali kwamba wao ndio wa kwanza kubadilika. Shule isiyokuwa tayari kwa sharti hilo itapata mabango mazuri ya kubandika ukutani, na zaidi ya hapo haitapata kitu.

Kifurushi hiki kimetungwa na Raising Voices, shirika lisilo la kiserikali lenye makao yake Kampala, lililoanzishwa mwaka 1999. Naitaja asili yake kwa sababu inaonekana katika kazi yenyewe. Mwaka 2005 shirika hilo lilitoa utafiti wa Dipak Naker, mmoja wa waanzilishi wake, uliowasikiliza watoto zaidi ya 1,400 na watu wazima zaidi ya 1,000 katika wilaya tano za Uganda, na karibu watoto wote walieleza kwamba wamewahi kutendewa ukatili wa mwili au wa kihisia na watu wazima. Kwa hiyo walioandika vitabu hivi walikuwa wameshawasikia watoto wa hapa wakizungumza juu ya shule za hapa, na mwalimu anayevisoma anakutana na mambo anayoyajua: mtoto aliyechelewa kwa sababu alitumwa maji, mwalimu mwenye darasa lililofurika, mzazi anayekuja na fimbo yake mwenyewe mkononi.

Ninafundisha madarasa ya juu katika shule ya msingi ya serikali wilayani Luweero, upande wa Bombo, ambako Kiswahili na Kinubi husikika uwanjani sawasawa na Kiganda kutokana na kambi ya jeshi na jamii ya Wanubi iliyokaa hapo tangu enzi za ukoloni. Watoto wetu wengi wamehama na wazazi wao kutoka kambi moja hadi nyingine, na wapo ambao baba yupo kazini mbali kwa muda mrefu bila wao kujua atarudi lini. Mtoto wa namna hiyo huja darasani na mambo mengi moyoni, na mara nyingi huyatoa kwa ugomvi, kwa kunyamaza siku nzima, au kwa kulala juu ya dawati. Hali hiyo iliongezeka sana shule zilipofunguliwa tena Januari 2022, baada ya kufungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020, kipindi kirefu kuliko cha karibu nchi zote duniani. Wapo waliorudi wakiwa wameshazoea kufanya vibarua na kushika fedha zao, na wapo wasichana ambao hawakurudi kabisa. Kuwapanga hao wote mstarini asubuhi na kuwataka wawe kama walivyokuwa miaka miwili nyuma hakukuwezekana, ingawa shule nyingi zilijaribu kufanya hivyo kwa kiboko.

Hapo ndipo ninapoanza kuisifu Good School Toolkit, kwa sababu inakitaja kiboko waziwazi. Mipango mingine ya malezi ya hisia niliyoiona huja kama vipindi: mwalimu hupewa kitini, watoto hujifunza majina ya hisia, huchora uso wenye furaha na uso wenye hasira, kisha kengele ikilia mwalimu yuleyule huchukua fimbo kwa ajili ya waliokosa hesabu. Mtoto anayeishi hivyo hujifunza kwamba mazungumzo ya hisia ni somo kama masomo mengine, la kujibiwa vizuri na kusahauliwa. Hawezi kujifunza kuzitawala hasira zake kwa mtu mzima ambaye hasira zake zimemtawala mbele ya darasa zima, wala hawezi kuomba msaada kwa mtu anayemwogopa.

Ukubwa wa tatizo hilo umepimwa papa hapa Luweero. Mwaka 2012, watafiti walipowahoji wanafunzi wa shule za msingi za wilaya hii, zaidi ya asilimia 93 ya wavulana na ya wasichana walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule, na zaidi ya nusu walisema jambo hilo liliwapata katika wiki moja iliyotangulia. Wakati huo Wizara ya Elimu ilikuwa imeshatoa waraka wa kupiga marufuku adhabu ya viboko tangu mwaka 2006. Baadaye Bunge liliweka katazo hilo katika sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Waraka na sheria ni vitu vya lazima, lakini kila mwalimu wa Uganda anajua kwamba fimbo haikutoka shuleni kwa sababu ya karatasi. Imekaa katika fikra zetu na katika methali zetu wenyewe, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi na kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mzazi anayemleta mtoto shuleni akisema, «Mwalimu, huyu nimekukabidhi, mnyooshe», anaamini kwa moyo wake wote kwamba anampenda mtoto wake.

Kifurushi chenyewe kimegawanywa katika hatua sita. Ya kwanza ni kuunda timu na mtandao wa watu wanaoiunga mkono, ya pili ni kujiandaa kwa mabadiliko, ya tatu inahusu walimu na ufundishaji, ya nne nidhamu chanya, ya tano mazingira ya kujifunzia, na ya sita uongozi wa shule na kuyaendeleza yaliyopatikana. Kila hatua ina vitabu vyake, mabango na shughuli ambazo shule inachagua yenyewe kulingana na nafasi iliyonayo. Wanaoisukuma kazi ni walimu na wanafunzi waliochaguliwa shuleni, wakishirikiana na watu wa jamii inayoizunguka. Wafanyakazi wa shirika huzisaidia shule kwa ziara na kwa simu, lakini hawakai pale kuendesha mambo, na jambo hilo ninalipenda, kwa kuwa nimeona miradi mingi ikifa siku gari la mradi lilipoacha kuja.

Mpangilio huu wa hatua una sababu. Unafuata wazo kwamba mtu hageuki kwa siku moja: kwanza hajaona tatizo, kisha huliona, hujiandaa, hujaribu, ndipo hudumu nalo. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza hazimkatazi mwalimu jambo lolote. Zinamtaka azungumze, akumbuke namna alivyofundishwa mwenyewe, na aulize wenzake wanataka shule yao iwe ya namna gani. Katika chumba chetu cha walimu mazungumzo hayo yalikuwa mazito kuliko nilivyotarajia. Mzee mmoja kati yetu, mwalimu wa siku nyingi ambaye wanafunzi walimwogopa kwa hatua zake tu, alieleza jinsi alivyopigwa akiwa mtoto mpaka akachukia somo la Kiingereza, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kirahisi kwamba viboko ndivyo vilivyotufikisha hapa tulipo. Shule inayoziruka hatua hizi ili ifike haraka kwenye shughuli za watoto inaukata mti kwenye shina.

Hatua ya nne ndiyo yenye utajiri mkubwa zaidi, na mwenye nafasi ya kusoma kitabu kimoja tu akisome hicho. Kinafanya kile ambacho waraka wa wizara haukuweza kufanya, yaani kumwonyesha mwalimu afanye nini saa nne asubuhi wakati watoto wawili wanapigana nyuma ya darasa na wengine wanashangilia. Kosa dogo linajibiwa kwa kumpa mtoto nafasi ya kutafakari alichofanya na kukieleza. Kosa kubwa zaidi hupewa adhabu isiyo ya mwili wala ya aibu, inayohusiana na kosa lenyewe. Aliyemdhuru mwenzake au kuharibu mali hutakiwa kufidia na kurudisha uhusiano, na makosa mazito sana yana hatua za mwisho zinazowahusisha wazazi na uongozi. Si maneno ya kupendeza tu. Mvulana wa darasa la sita aliyechana daftari la mwenzake alitakiwa kukaa naye mapumziko kadhaa akimnakilia kazi zote zilizopotea, na katika kuandika huko wakaanza kusaidiana hesabu. Viboko vingemaliza jambo hilo kwa dakika moja, na daftari lingebaki limechanika.

Mwalimu wa madarasa makubwa atauliza habari ya muda, na ana haki ya kuuliza. Katika muhula wa kwanza nidhamu ya namna hii inakula muda mwingi kuliko fimbo, hilo lazima lisemwe. Darasa likijaa watoto mia moja, kumpa kila mkosaji nafasi ya kujieleza ni jambo zito, na walimu wa darasa la saba, wanaobanwa na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi pamoja na prepu, yaani masomo ya ziada, za alfajiri, ndio waliokuwa wagumu zaidi kushawishika katika shule yetu. Kilichopunguza mzigo ni kanuni za darasa zilizotungwa na wanafunzi wenyewe mwanzoni mwa muhula, kwa sababu mtoto akikumbushwa kanuni aliyoipigia kura hana haja ya maelezo marefu.

Mahakama ya wanafunzi, ambayo ni mojawapo ya shughuli zinazopendekezwa, inahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Watoto wakiachiwa kiti cha hakimu huiga walichokiona kwa watu wazima. Vikao vya mwanzo vya shuleni kwetu vilitoa hukumu kali, kwa mfano kumpigisha mtu magoti mbele ya mstari, na waliofikishwa mara nyingi walikuwa watoto wachafu, wa maskini, au wanaozungumza lugha tofauti na viranja. Mahakama ilianza kufanya kazi yake pale mwalimu mmoja alipokaa nayo kila mara, na pale ilipoamuliwa kwamba swali la kwanza kwa mshtakiwa liwe juu ya kilichompata kabla ya kosa. Ningependa vitabu vitumie kurasa nyingi zaidi kuonya juu ya hatari hiyo.

Sanduku la maoni nalo linastahili neno, kwa kuwa ndilo lililotufungua macho. Tulitarajia malalamiko juu ya posho (ugali) na maharage, na hayo yalikuwepo. Lakini karatasi nyingi zilizungumzia matusi. Watoto waliandika kuhusu majina wanayoitwa darasani mbele ya wenzao, jina la ukoo kugeuzwa kichekesho, kuambiwa kwamba akili zao ni za kuchunga mbuzi. Mwalimu aliyekuwa ameacha fimbo na kujiona amemaliza safari aligundua kwamba ulimi wake ulibaki palepale. Kwa hili kifurushi kiko sahihi kabisa kuyaweka maneno ya kudhalilisha katika kundi moja na kipigo.

Je, kinafanya kazi zaidi ya shule moja? Hili ni moja ya maswali machache ya elimu ya Uganda yenye jibu lililopimwa vizuri. Watafiti wakiongozwa na Karen Devries wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walizichukua shule 42 za msingi za Luweero, wakazigawa kwa kura, 21 zikapata kifurushi mara moja na 21 zikasubiri. Baada ya miezi 18, mwaka 2014, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zilizokitumia na karibu asilimia 49 katika zile zilizosubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto wa shule zilizokitumia walijisikia salama zaidi na vizuri zaidi shuleni, ila vipimo vya afya ya akili na vya kusoma havikuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili.

Tofauti hiyo kati ya 49 na 31 ni kubwa mno kwa mradi wa mwaka mmoja na nusu, na nyuma yake wako watoto wengi ambao wiki hiyo hawakupigwa. Hata hivyo asilimia 31 bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu, katika shule ambazo zilikuwa zimekubali kubadilika na zilikuwa zikisaidiwa. Na lile la afya ya akili lisifichwe na yeyote anayekitangaza kifurushi hiki. Kuondoa kinachomuumiza mtoto ni jambo moja, kumponya aliyekwisha kuumia ni jambo jingine. Good School Toolkit inafanya la kwanza kwa ufanisi mkubwa, na la pili inalifanya kwa sehemu tu.

Upungufu huo huonekana mara mtoto anapoanza kusema. Katika utafiti huohuo, watoto 434 walilazimika kuelekezwa kwenye huduma za ulinzi wa watoto kutokana na waliyoyafichua walipohojiwa. Shule yoyote itakayofanikiwa kupunguza hofu itakutana na hali hiyo kwa kiwango chake: mtoto akimwamini mwalimu atamweleza pia ya nyumbani, ya njiani, na ya mjomba. Walimu walezi wa wasichana na wa wavulana ambao kila shule hutakiwa kuwa nao ni walimu wa kawaida wenye vipindi vyao kamili, na wengi hawajapata mafunzo ya ushauri nasaha ya kutosha. Sisi tulihitaji, kabla ya kuweka sanduku lile, kuwa na orodha ukutani mwa ofisi ya nani apigiwe simu kwa jambo lipi: afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, dawati la polisi la familia na watoto, kituo cha afya, na namba ya bure ya 116 ya msaada kwa watoto. Hayo yote yangestahili kuwa katika hatua ya kwanza kabisa, kwa sababu mtoto aliyejikaza akasema siri yake na asisaidiwe hatasema tena.

Jambo jingine ninalolilalamikia ni wingi wa maandishi na lugha yake. Vitabu tulivyotumia vilikuwa vya Kiingereza, na ni vingi. Mwalimu ataviweza, ingawa baada ya siku nzima ya kusahihisha madaftari atavisoma kidogo kidogo. Mjumbe wa jamii, ambaye kifurushi kinamtegemea sana, mara nyingi hataviweza. Kikao chetu cha wazazi kilichofanikiwa kuliko vingine ni kile ambacho mama mmoja wa Kinubi, anayeheshimiwa sokoni na msikitini, alieleza mabango kwa Kiswahili huku mwalimu akifasiri kwa Kiganda, na wazazi wakauliza maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza mbele ya mwalimu mkuu. Serikali iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kazi ya namna hii ingefaidika sana ikiwa na vijitabu vifupi vya Kiswahili kwa ajili ya wazazi wa Bombo, wa miji ya mpakani ya Busia na Malaba, na wa kambi zote za jeshi na polisi.

Kuhusu gharama, vitabu vinapatikana bure kwenye tovuti ya Raising Voices, na gharama halisi ni ya kuchapisha, mikutano na muda wa watu. Shule isiyokuwa na printa inaweza kuchapisha kitabu kimoja kwa kila hatua na kukizungusha. Kinachokosekana, ambacho hakichapishwi popote, ni utulivu wa mwalimu mwenyewe. Mwalimu anayekaa mbali, aliyechelewa kulipwa, anayefundisha akiwa na njaa kama wanafunzi wake, hawezi kuwa na subira siku nzima kwa sababu ameagizwa na bango. Hatua ya tatu inamzungumzia mwalimu kama mtu anayestahili kuthaminiwa, na ni vizuri, lakini ningependa iwadai wakuu wa shule na kamati mambo ya wazi zaidi: chai ya saa nne kwa walimu, zamu zinazogawanywa kwa haki, na mkuu asiyemkaripia mwalimu mbele ya wanafunzi.

Ukikilinganisha na mipango ya vipindi inayofuata mfano wa CASEL, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, yenye stadi tano za kujitambua, kujitawala, kuwaelewa wengine, kujenga uhusiano na kufanya maamuzi, kifurushi hiki hakina masomo yaliyopangwa kwa umri na kwa wiki. Mwalimu anayetaka kipindi cha dakika arobaini juu ya kudhibiti hasira hatakikuta kirahisi humu. Sioni sababu ya kuchagua kimoja na kukiacha kingine, ila utaratibu wa kuanza una uzito wake: shule ishushe kwanza fimbo na matusi, ndipo ilete vipindi vya stadi, kwa kuwa hapo vipindi vitaaminiwa na watoto.

Shule inayotaka kuanza mwezi wa pili, muhula wa kwanza unapofunguliwa, ichukue hatua ya kwanza na ya pili pekee kwa muhula mzima, itafute walimu wawili wanaopendwa na wanafunzi badala ya wale wanaopendwa na mkuu, iandike orodha ya simu za msaada kabla ya kuweka sanduku la maoni, na imwite mapema mzazi mmoja anayesikilizwa mtaani. Mahakama ya wanafunzi ingoje mpaka hatua ya nne iwe imesomwa na walimu wote, pamoja na wale wa darasa la saba.